Siku Mama Mkwe Aliponiita Mgeni

Nimeitwa mengi hapa Chonyonyo. Nimeitwa mkali, nimeitwa mchoyo wa mbegu za maharage, na kuna msimu niliitwa mwanamke anayepalilia kama anayegombana na ardhi, jambo ambalo ni kweli. Lakini tangu wiki tuliyomzika mume wangu, hapakuwa na mtu aliyethubutu kuniita mgeni.

Wiki ile matanga hayajaanuliwa, shemeji yangu mmoja alisema, kwa ile sauti ya chini inayokusudiwa isikike, kwamba kibanja hakiwezi kubaki mikononi mwa mgeni. Kibanja ni hili shamba letu la migomba na kahawa, nyumba ikiwa katikati na kaburi la mume wangu nyuma yake. Mama mkwe alikuwa amekaa chini kwenye nyasi pamoja na wanawake wengine. Aliinuka taratibu, akajifunga kanga vizuri, akasema, "Atakayelitamka neno hilo tena ndani ya ua huu, asije kunizika."

Kwetu huo si mchezo. Neno likafa pale pale.

Na kusema haki, mgeni nilikuwa. Nilizaliwa ng'ambo ya mto Kagera, upande wa Uganda, nikaolewa, nikavukia Murongo na sanduku moja. Lugha ya kwetu na Kinyambo cha hapa ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo hata sokoni Ihanda hakuna aliyegeuka kunitazama nilipofungua mdomo. Kiswahili ndicho kilichonitoa jasho. Nilikaa kwa kibali cha ukaazi kilichoegemea jina la mume wangu, tukikihuisha kila kilipokaribia kwisha. Yeye alipoondoka, kibali kilibaki kama mgomba wenye mkungu uliong'olewa nguzo.

Ndipo nikaomba uraia. Tajnisi, ndivyo wanavyoiita ofisini. Nikipewa, ningeweza kukishika kibanja kwa jina langu mpaka wanangu wakue. Nikinyimwa, kibali kingeisha nami ningevuka mto kurudi, na shemeji angekuwa na neno lake tena, safari hii likiwa na muhuri.

Nilichukuliwa alama za vidole. Niliulizwa maswali kuhusu nchi, nikayajibu kwa Kiswahili kilichonyooka, hata mimi kikanishangaza. Tangazo likatoka gazetini kwamba mwenye pingamizi alipeleke, na siku hiyo nilishinda nikiitazama barabara, kana kwamba pingamizi lingekuja limepakiwa kwenye bodaboda. Halikuja. Likabaki jambo moja tu, nalo nililiona dogo kuliko yote: ofisa wa uhamiaji aje kitongojini, awaulize majirani kama wananifahamu.

Alikuja ofisa mmoja mpole, mtu wa Muleba, akampa mama mkwe shikamoo kabla hata hajashuka vizuri kwenye pikipiki. Nilimkaribisha, nikamwekea kiti, nikampa kahawa ya kutafuna, kisha nikaambiwa nisogee mbali ili watu waseme kwa uhuru. Nikaenda kuchuma kahawa upande wa chini. Nilisikia vicheko vyao, nikafurahi. Nikajisemea, haya, hawa hawawezi kuniangusha.

Siku chache baadaye niliitwa ofisini Kayanga.

"Mama," ofisa akasema, "majirani zako wanakupenda sana."

"Nashukuru."

"Wanakupenda mno. Mama mkwe wako ameniambia umezaliwa Nyakasimbi, na kwamba yeye anamfahamu bibi yako. Mwenyekiti wa kitongoji ameniambia umezaliwa Ihanda, na siku ya ubatizo wako yeye alikuwepo, akala wali."

Nilimwona mwenyekiti machoni pangu, na tumbo lake, akiula ule wali ambao haukupikwa kamwe.

"Sasa nisaidie," akaendelea, bila ukali. "Kama umezaliwa hapa, wewe ni raia tayari, na ile pasi ya Uganda umeipataje? Kama umezaliwa ng'ambo, basi kitongoji kizima kimenidanganya, na mimi nitaandikaje kwamba nina hakika wewe ni nani? Nitarudi Alhamisi. Maelezo yasipolingana, itabidi niandike kuwa utambulisho wa mwombaji una mashaka. Na ombi lenye mashaka unajua linapoishia."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimewaka. Ukiwa mtu wa mpakani unaelewa walichofanya. Huku, kwa miaka na miaka, likionekana gari la serikali na mtu mwenye faili akauliza fulani ni wa wapi, jibu ni moja: wa hapa. Huulizi kwa nini anaulizwa. Humuulizi yeye alivukia wapi. Ni heshima ya ujirani, kama kupeleka mkungu wa ndizi kwenye msiba. Hakuna aliyewaambia kwamba safari hii kwa kunificha walikuwa wananifukuza. Mimi mwenyewe sikuwaambia, kwa sababu haikunipitia akilini kwamba mtu anaweza kuhitaji kufundishwa kusema kweli.

Mwenyekiti nilimmaliza haraka. Nilimkuta kilabuni na rubisi yake ya ndizi, nikamwambia kwamba ubatizo aliohudhuria ulikuwa wa mtoto mwingine, na akitaka kula wali wangu siku moja, Alhamisi aseme ukweli. Alicheka mpaka akakohoa, akakubali.

Mama mkwe alikuwa kazi nyingine. Nilimkuta jikoni anamenya ndizi, nikakaa chini nikashika kisu nisaidie.

"Mama, Alhamisi yule ofisa anarudi. Mwambie mimi ni mgeni."

Hakuniangalia. "Menya ndizi."

"Mama, nisipokuwa mgeni sipewi uraia. Hawampi uraia mtu ambaye tayari wanasema anao."

"Wewe unataka mdomo huu ndio useme hivyo? Mbele ya serikali? Nilimkataza mwanangu wa kumzaa. Niliwakataza watu wote wakiwa msibani. Sasa niliwakataza wote ili nije kulisema mimi?"

"Ukinikataa ndipo nitakaa," nikamwambia. Nilijua linavyosikika. Lilisikika kama wazimu.

Aliendelea kumenya, utomvu ukimtia weusi vidoleni. Baadaye kidogo akasema, kama anayeongea na sufuria, "Serikali ina mambo." Siku zilizofuata kila nilipolianzisha alikumbuka kuku wake.

Alhamisi ofisa akaja. Safari hii aliomba nikae pale pale. Nilitoa kijikapu chetu cha kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani ya kunukia ikaanikwa mpaka ikauke, nikampa akachukua chache kwa adabu, maana kwao pia mgeni hapokewi bila hiyo. Nikampa mwenyekiti. Mwenyekiti akaeleza vizuri kabisa: nilikuja kuolewa, nilitoka ng'ambo, arusi yangu aliicheza. Hilo lilikuwa kweli, na alicheza vibaya. Kisha wote tukamgeukia mama mkwe.

Alijifunga kanga upya, kama alivyofanya msibani. Nilidhani hatasema. Nikaanza kupanga moyoni jinsi nitakavyowaeleza watoto.

"Huyu ni mgeni," akasema.

Nililitaka neno hilo. Nililidai, nililigombania wiki nzima. Lakini liliponifikia kwa sauti yake, sauti ileile iliyoniita mwanangu kando ya kaburi, lilinichoma. Nililia mbele ya ofisa, mimi ninayeitwa mkali. Mama mkwe naye hakunitazama. Alikuwa anamtazama ofisa kana kwamba yeye ndiye aliyemkosea.

"Aliingia kwa mlango ule," akaendelea, "msimu wa senene, vumbi limemjaa. Kahawa nilimpa mimi, kwa mikono hii, kwa sababu mgeni hupewa. Tangu siku hiyo sijampa tena. Leo wewe umeingia hapa. Nani kakupa kahawa?"

Ofisa akazitazama zile punje kiganjani mwake. "Yeye, mama."

"Na siku ile ya kwanza ulipokuja?"

"Yeye."

"Haya. Andika."

Akaandika. Sijui aliandika nini, wala sikuwahi kuuliza.

Ilichukua muda mrefu, kama wanavyosema wote waliopita njia hiyo, na nilienda Kayanga mara nyingi kuambiwa nisubiri. Kisha ikanibidi kuukana kwa maandishi uraia niliozaliwa nao. Nilidhani ni sahihi tu. Kumbe kaka zangu wako hai, na nikisimama Murongo naviona vilima vya kwetu. Kalamu ilikuwa nzito na sioni haya kusema hivyo. Niliapa, nikapewa cheti, nikakiweka kwenye mfuko wa nailoni ndani ya kanga, nikapanda bodaboda kurudi nyumbani mvua ikitishia.

Watoto walikuwa bado shule. Mama mkwe alikuwa barazani. Nilimwonyesha cheti, akakigeuza pande zote mbili, akanirudishia, kwa kuwa kusoma si kazi yake. Nilijua majirani wangeanza kuja, habari hapa haingoji kuitwa, basi nikaingia ndani kuchukua kijikapu. Sikukikuta mahali pake. Nilipotoka nikamwona anacho mapajani.

"Kaa," akasema.

"Mama, watu wanakuja."

"Kaa kwanza."

Nikakaa kwenye kiti cha wageni, kwa kuwa ndicho alichonionyesha. Akafunua kifuniko, akakishika kijikapu kwa mikono miwili, akaninyooshea.

"Serikali imesema umefika leo," akasema. "Basi karibu."

Nilichukua. Nilikuwa bado natafuna mwenyekiti alipopiga hodi, na mama mkwe akanipa kijikapu, nikaenda kumpokea.