Kipenu Kisichopigwa Msumari

Jirani yangu hapa Syokimau anaezeka banda, na mafundi wake wameacha bati moja bila kulifunga. Upepo wa mchana ukipita linainuka kidogo, kisha linajipiga: pwaa. Watu wengine hufunga dirisha wakaendelea na kazi zao. Mimi huacha nilichoshika. Ghafla nasikia harufu ya mbaazi kavu na vumbi la gunia.

Nilikulia karibu na soko la Ekalakala, katika boma lililokuwa na gereji kabla ya kuwa na gari. Ndiyo, umesoma vizuri. Baba alifanya kazi kiwandani huko Athi River, akija nyumbani mara mojamoja. Likizo moja alijenga gereji ya mabati matupu, kuta na paa, yenye mlango mpana, akaitia kufuli ingoje gari. Majirani walitutania kuhusu gari letu la hewa. Baba alicheka nao, lakini kila alipokuja alizifuta zile kuta vumbi kwa kitambaa chenye maji, taratibu, kana kwamba gari lenyewe ndilo analoliosha.

Mwaka mmoja mavuno yalikuwa mengi hata tukalala na magunia chini ya vitanda. Mama akaamua kuongeza kipenu ubavuni mwa gereji, kibanda cha kuegemea, kiwe ghala letu. Baba akakubali kwa simu, kwa sharti moja ambalo Mama alilirudia kwa sauti ili sote tusikie: hakuna kutoboa bati lake hata moja, la ukutani wala yale yaliyobaki nyuma ya nyumba.

Acha nikueleze kwanza kipenu kinavyojengwa, ndipo utaielewa hofu yangu. Boriti moja hufungwa kwenye ukuta wa jengo kubwa, nyingine huwekwa juu ya nguzo fupi upande wa nje, na mabati hulazwa juu yake yakiteremka ili maji yapate njia. Kisha hupigiliwa misumari. Kila msumari huvalishwa kipande cha raba kilichokatwa kwenye patapata kuukuu, zile ndala za mpira, tundu lisivuje. Anko Muia, ndugu yake Mama, alifuata sharti la Baba kama alivyoambiwa. Alisimamisha nguzo zake kandokando ya ukuta bila kuugusa, akalaza yale mabati yaliyobaki, na badala ya misumari akapanga mawe juu yake.

"Hiyo imekaa," akasema akijipangusa mikono. "Hata ndovu aegemee."

"Na upepo, Anko?"

"Wee Mutheu, upepo utabeba jiwe? Uoga uko nao! Utaogopa hata ugali."

Wakacheka, na Mama pia. Lakini aliyetumwa mle kila alasiri kuchota mbaazi nilikuwa mimi. Ndani kulikuwa na joto na giza, na ukuta wa gereji ulitoa vishindo vidogo kadiri jua lilivyopungua. Kila bati lilikuwa limebonyea pale jiwe lilipokaa. Upepo ukija, yalihema: yanapanda, yanashuka, na juu ya kichwa changu kitu kizito kinakwaruza. Asubuhi moja niliona jiwe limesogea hadi karibu na ukingo. Nikamwonyesha Mama. Akaniambia niache kutafuta sababu za kukwepa kazi. Basi nikajifunza kuchota nikiwa nimechutama, karai kichwani kama kofia, nikishika pumzi mpaka nitoke.

Mvua za mwisho wa mwaka zilitanguliwa na upepo. Mama alikuwa sokoni, nami nilikuwa naanua nguo, vumbi jekundu lilipotujia kutoka upande wa bwawa la Masinga. Nikamtafuta Kioko, mdogo wangu, ambaye katika dunia nzima aliogopa radi tu. Hayuko jikoni. Hayuko nyumbani. Kisha nikamsikia akiimba. Alikuwa kipenuni, amejibanza kati ya magunia, amemkumbatia mwanambuzi.

"Kioko, toka!"

"Sitoki! Radi itanipiga!"

Bati likainuka hadi nikaona anga chini yake. Likashuka. Jiwe likaviringika kidogo, likasimama. Ningependa kukuambia kwamba nilipata ujasiri, lakini sikuupata. Kilichonisukuma ni hofu kubwa zaidi, kwamba ule wimbo ungeweza kukatika katikati. Nikaingia kwa magoti, karai kichwani, nikamshika Kioko mguu nikavuta. Alivutika akipiga mayowe, na mwanambuzi naye, kwa kuwa hakumwachilia.

Tulikuwa bado tumelala chini uani paa lilipong'oka. Mabati yalipaa kuelekea mahindini. Mawe hayakupaa.

Mama aliporudi alikuta jiwe limekaa juu ya gunia lililopasuka, pale pale alipokuwa amejibanza Kioko. Akaketi kwenye matope, akampakata Kioko.

Jumamosi Baba akafika. Hakuuliza habari za mabati. Alimwomba Kioko amwonyeshe alipokuwa amekaa. Kioko akakaa, akaimba na wimbo wake. Baba akamtazama, akalitazama jiwe. Kisha akavua patapata zake za buluu, akazikata vipande kwa kisu cha jikoni.

"Muia, lete nyundo."

Akaupiga msumari wa kwanza mwenyewe, katika ukuta wa gereji. Nikaziba masikio.

"Baba, na gari?" Kioko akauliza.

"Gari italala nje."

Kwa miaka mingi nilidhani alikuwa anaiadhibu gereji. Nimeelewa ukubwani, sasa nikiwa na mtoto na kitu ninachokingoja. Nilijiona mwoga peke yangu katika boma lile, kumbe aliyekuwa akizifuta zile kuta aliogopa kuliko mimi. Bati lisilo na tundu lilimwambia kwamba gari bado liko njiani. Siku ile alichagua hofu iliyo kubwa, ya kumpoteza mtoto, akaiacha ile nyingine iende. Gari halikuja, wala hakulitaja tena. Kipenu kimesimama hadi leo, na raba ya buluu bado inaonekana ukutani, imepauka.

Bati la jirani limejipiga tena. Nimevua patapata zangu. Natafuta kisu.