Mamdogo Mwatime Alivyomsinga Bi Harusi wa Kikorea

Huku Marekani watu wakisikia Mamdogo Mwatime anafanya kazi kwa daktari wa ngozi kule Annandale, wanadhani ana cheti. Hana. Alifua mashuka hotelini, akalea wazee wa watu, akauza sambusa msikitini Ijumaa. Siku moja akaenda kutibiwa chunusi zake mwenyewe kwa Dokta Noh, mama wa Kikorea asiyecheka ovyo. Pale benchi ya kungojea kulikuwa na msichana analia, hataki kuingia ndani avue barakoa. Mamdogo akakaa naye, akamwonyesha kidevu chake mwenyewe, wakacheka wote wawili. Dokta alikuwa amesimama mlangoni anaangalia. Akamwambia, "Wewe, Jumatatu njoo uanze kazi."

Huu sasa mwaka wa sita. Anaita wagonjwa, anawasafisha uso kabla Dokta hajawaona, anawapa karatasi ya maelezo. Mimi ni mtoto wa dada yake. Tunakaa pamoja Manassas, na mimi ndiye dereva wake, maana ile barabara kuu hataki hata kuitazama.

Wagonjwa pale wengi ni Wakorea, na msidhani ni watoto wa shule. Mimi nilidhani hivyo, nikachekwa.

"Nani alokwambia chunusi za watoto?" Mamdogo aliniambia. "Jana nimemsafisha mwanamme ana benki nzima chini yake. Mashavu yamefura kama maandazi."

Na hawaji mapema. Mtu atahangaika miaka mitano na barakoa za karatasi za urembo na chupa kumi za losheni, apangilie bafuni kama duka. Akifika kwa Dokta, chunusi zishaacha madoa. Halafu akipewa dawa, wiki ya pili anaona zimezidi, anaitupa. Hiyo ndiyo vita ya Mamdogo kila siku: kuwabembeleza wasitupe. "Zitatoka kwanza ndiyo ziondoke, mwanangu. Ngoja." Anawaambia kwa Kiingereza chake kile cha kupinda pinda, na wanamsikia.

Basi akaja Yujin. Miaka ishirini na saba, anafanya kazi ya maabara, chunusi zimemjaa tayani mpaka shingoni, na harusi yake imebaki wiki kumi na nne. Mama yake yuko Busan, angekuja siku mbili tu kabla ya harusi. Huku Yujin hana mtu. Dokta akampa krimu ya usiku, kipande kama punje ya njegere, uso mzima, asiruke siku.

Yujin akamwita Mamdogo "imo". Ndivyo Wakorea wanavyomwita mama mdogo, na hata mwanamke mkubwa wasiyemjua wakimpenda humwita hivyo. Mamdogo aliposikia maana yake alirudi nyumbani amevimba kichwa.

"Tasnim, sasa una mwenzio. Nimepata mtoto mwengine."

"Huyo mwengine atakuendesha mpaka Annandale?"

"Una wivu, we mtoto."

Sina wivu mimi. Lakini hasira zangu ziko karibu, hilo kila mtu anajua.

Wiki ya nne dawa ilianza kukubali. Chunusi zikashuka, uso ukaanza kuonekana. Siku hiyo Yujin akamwambia Mamdogo kitu kilichomtoa machozi. Alisema alipokuwa mdogo, kila Jumapili mama yake alimpeleka kwenye bafu la umma, akamsugua mgongo mpaka uchafu ukatoka kama vipande vya tambi. Kabla ya harusi mama yake angemsugua hivyo. Huku nani atamsugua?

Mngemuuliza Mamdogo swali hilo hata usingizini angejibu. Bibi yangu kule Mombasa alikuwa somo, yule mama anayemtayarisha bi harusi, na Mamdogo amerithi kazi. Kuanzia Silver Spring mpaka huku kwetu, mabibi harusi wote wa watu wa pwani wamepita mikononi mwake. Akamwambia Yujin, "Jumamosi njoo kwangu. Mimi si imo wako?"

Mkebe wa singo ulitoka chini ya kitanda. Waridi kavu, mti wa liwa, karafuu, maganda ya machungwa, vyote vimesagwa, vinalowekwa na marashi halafu unamsinga mtu mwili mzima, unasugua mpaka ngozi inang'aa na nyumba nzima inanukia. Yujin alilala juu ya mkeka sebuleni kwetu, amefunikwa leso, anacheka kila akiguswa mbavu. Wakaimba, huyu Kikorea, huyu Kiswahili, mimi napiga makofi. Ilikuwa raha, siwadanganyi.

Alipofika shingoni nikamuuliza, "Mamdogo, na uso pia? Ile karatasi ya Dokta si imekataza kusugua?"

"Imekataza skrabu. Ile michanga ya dukani. Hii maua."

"Ina karafuu hiyo."

"Karafuu haitoki kwenye ua? Nipe marashi, wacha umbea."

Akausinga uso. Vizuri kabisa, duara duara, kama anavyowasinga wote.

Jumatatu asubuhi, Mamdogo nishamfikisha kazini, Yujin akanipigia simu mimi, si yeye. Sauti imekatika. "Tasnim, uso wangu unawaka." Nikaenda kumchukua. Alipofungua mlango nilitaka kurudi nyuma. Uso mwekundu kama nyanya iliyomenywa, unabanduka magamba pembeni ya pua, akitabasamu mdomo unauma. Niliendesha gari huku natukana taa zote nyekundu.

"Tutamwambia Dokta ukweli," nikamwambia.

"Hapana. Atamfukuza Imo."

"Na wewe harusi yako?"

Akashusha kioo, upepo umpoze uso.

Tukaingia kwa Dokta Noh. Mamdogo alikuwa ameshika trei ya vyombo, alipomwona Yujin akaikumbatia kifuani. Dokta akavaa miwani, akaushika ule uso, akaugeuza huku na huku, akapiga ulimi.

"Dawa imekukataa," akasema. "Tunaiacha. Nitakupa nyingine dhaifu, tuanze upya. Lakini nikwambie kweli, kufikia harusi hatutakuwa tumefika mbali. Ulitumia kama nilivyosema?"

"Ndiyo, Dokta." Yujin ameinamisha kichwa.

"Hukufanya kitu kingine?"

"Hapana, Dokta."

Mimi nimesimama mlangoni, funguo mkononi, damu inanichemka. Namtazama Mamdogo. Ule mwaka aliopata kazi hii ndio alioacha kuamka saa tisa usiku kukaanga sambusa. Akifukuzwa anarudi kwenye mafuta. Na akinyamaza, mtoto wa watu anaondolewa dawa inayomfaa, anakwenda kuolewa na uso ule ule aliokuja nao.

Mamdogo akaiweka trei chini.

"Dokta, dawa haina makosa. Mimi nimemsinga."

"Umemfanya nini?"

Akakunja mkono wa nguo, akajisugua mbele yake kuonyesha. "Hivi. Uso wote. Kwetu bi harusi lazima asingwe."

Dokta akavua miwani. "Mwatime. Ile karatasi. Wewe ndiye unayeigawa kila siku. Hujaisoma?"

"Nimeisoma. Imesema skrabu. Mimi nikaona singo ni maua, na mti wa liwa na karafuu."

"Dawa ile inafanya ngozi kuwa laini kama ya mtoto mchanga! Hata taulo inaiumiza! Umechukua mti na karafuu ukamkwangua nayo?"

Hapo nikashindwa. "Si angeandika wazi basi aliyeandika! Angesema msisugue na chochote!"

Dokta akanigeukia polepole. "Wewe ni nani?"

"Dereva."

"Dereva, nje. Mwatime, nje."

Tukakaa kwenye benchi. Mamdogo hakunigombeza hata, alikuwa anasoma dua chini chini. Mimi nikawa nahesabu nitawaambia nini wateja wake wa zamani wa sambusa. Dakika ishirini. Mlango ukafunguka, Dokta akatoka na sura nisiyoielewa. Akakaa. Kwenye benchi, kati yetu!

"Yujin amenieleza," akasema. "Si wewe peke yako. Kila wiki mbili anakwenda sauna, bafu la mvuke la Wakorea kule Centreville, watu asiowajua wanamsugua na glovu ngumu. Uso pia. Tangu nimpe dawa. Nimemuuliza mara tatu, mara tatu amesema hapana, Dokta." Akacheka kidogo, mara ya kwanza kumwona hivyo. "Kwa wagonjwa hawa mimi nina umri wa mama zao. Hawawezi kuniambia mimi kwamba hawakunisikia. Kwa heshima. Wananidanganya kwa heshima."

Mamdogo akasema, "Mimi wananiambia kila kitu."

"Najua. Ndiyo maana nina hasira na wewe bado, lakini sikufukuzi. Mwezi mzima hugusi uso wa mtu. Utawauliza tu. Nani anajisugua, na nini, mara ngapi."

Yujin akaambiwa apake mafuta mazito ya kawaida tu mpaka wekundu uishe, halafu arudie ile ile krimu, siku moja apake, siku mbili apumzike. Sauna marufuku. Mamdogo marufuku, alisema Dokta, ila kwa chai.

Basi mwezi ule Mamdogo alikaa na daftari pale benchi. Kwenye mafaili ya Dokta waliokubali kwamba wanajisugua walikuwa watatu. Mamdogo aliuliza wagonjwa sitini na wawili wa chunusi. Ishirini na sita! Glovu ya sauna, chumvi, unga wa mchele, maji ya moto na brashi. Yule mwanamme wa benki anajisugua na kitambaa cha mama yake mkwe. Dokta alisoma daftari, akaegemea kiti, akasema neno la Kikorea ambalo watu wa mapokezi hawakukubali kunitafsiria. Karatasi ikaandikwa upya, na safari hii mstari wa kwanza: usisugue na kitu chochote, hata maua.

"Umeona?" nikamwambia Mamdogo. "Nilisema mimi."

"Ulipiga kelele. Kusema ni kitu kingine."

Harusi ikafika, Jumamosi, ukumbi wa kanisa lao Centreville. Uso wa Yujin haukuwa wa gazeti. Alibaki na vichunusi viwili vya kidevu na madoa mepesi tayani, lakini ngozi ilikuwa imetulia, inapumua. Msichana wa vipodozi alitaka kupaka kila kitu unene wa plasta, Yujin akamshika mkono akasema inatosha. Mama yake, aliyefika juzi kutoka Busan, alimshika mashavu kwa viganja viwili, akageuka kwa Mamdogo aliyesimama na buibui lake jipya, akamwinamia mpaka kiunoni. Mamdogo hakujua afanye nini, akainama pia, wakagongana vichwa. Ukumbi mzima ukacheka.

Tukakaa mezani. Nilikuwa na njaa ya kufa, mbele yangu samaki wa kuchoma. Kabla sijafungua kitambaa akaja mama mmoja wa Kikorea na binti yake, wakamsalimia Imo. Binti ana chunusi za paji la uso, Imo amwangalie kidogo tu. Wakaja wengine wawili. Bwana mmoja akakokota kiti chake kabisa.

"Unajisugua?" Mamdogo akamuuliza.

Bwana akatazama huku na huku kama Dokta yuko chini ya meza. "Kidogo," akasema.

"Kidogo ni nini? Sema kweli."

Na samaki wangu anapoa.