Bega si Bawaba

Tangu mama afariki sijui kukaa. Nikikaa kitako kidogo tu, goti langu la kulia linaanza kutikisika lenyewe kama la mtu anayeshona kwa cherehani, na lazima ninyanyuke. Msimu ule wa baridi nilikuwa nikishuka treni kituo kimoja kabla ya changu, ili nitembee kwa miguu mpaka nyumbani Silver Spring, huku Marekani. Napita maduka ya Wahabeshi, nazunguka maegesho ya magari, napanda ngazi na lifti ipo. Nikifika mlangoni nasimama na ufunguo mkononi. Ndani kulikuwa na kiti chake, na kwenye rafu ya jikoni chupa ya mafuta ya ufuta iliyobaki nusu.

Mafuta yale yalikuwa ya bega lake la kushoto. Kila jioni nikirudi kutoka hotelini, ambako kazi yangu ilikuwa kufua mashuka, nilimsugua. Mkono wake haukupanda kupita kifua. Ukifika hapo ananizuia.

"Taratibu. Bega si bawaba ya mlango."

"Mama, sijasukuma."

"Hujasukuma, na mimi nimelia bure?"

Alikuwa mtu wa kulalamika, sitasema uongo kwa sababu amekufa. Alilalamikia baridi, mchele wa huku, na jirani wa juu anayeburura viti. Lakini bega lilikuwa mbele ya yote.

Alifariki baada ya adhuhuri, kitandani kwake, usingizini. Muuguzi aliyekuwa akija nyumbani alithibitisha, kisha akatoka kupiga simu. Nikamwita bi mkubwa wa ghorofa ya chini, mtu wa Unguja kama sisi, ambaye ndiye anayewakosha maiti wanawake katika jamaa zetu wa hapa. Akapanda amejitanda kanga juu ya koti.

"Mfunge kidevu," akaniambia. "Halafu viungo, kabla havijakakamaa. Anza wewe, ndiye mama yako."

Akanionyesha. Vidole unavikunja na kuvinyoosha. Mkono unaukunja kwenye kisugudi mpaka ukutane na bega, kisha unaunyoosha. Muundi unaurudisha kwenye paja, paja kwenye tumbo, kisha unanyoosha. Kulia kwanza, kisha kushoto, polepole, bila maneno. Nilipofika bega la kushoto nililegeza mkono mahali nilipozoea kukatazwa. Halikukataa. Mkono ukapanda, ukapita sikio, ukalala juu ya mto kama wa mtoto. Nikangoja sauti yake.

"Haya, rudisha," bi mkubwa akasema. Nikaurudisha.

Hilo ndilo lililoninyima kukaa. Kama mfupa uliweza kupanda, miaka yote ile ni nini kilichokuwa kikikataa? Alikuwa anajifanya? Au mimi nilikuwa nikisugua pasipouma? Si swali la kumuuliza mtu msibani, na baada ya khitma watu walirudi kwenye shughuli zao.

Nikajiandikisha kozi ya kuhudumia wagonjwa. Nyumba moja ya wazee kule Beltsville ilikuwa tayari kunichukua nikipata leseni, na nilikuwa nimechoka na mashuka. Lakini kweli yenyewe ni kwamba kozi ilikuwa jioni, saa zile zile za mafuta.

Mwalimu alikuwa muuguzi mstaafu, mama wa makamo anayetembea kwa fimbo. Pembeni ya darasa kulikuwa na kiunzi cha mifupa cha plastiki kinachoning'inia kwenye ndoana, na mtu alikuwa amekivisha kofia ya mpira. Mimi sikuvuka kidato cha pili, lakini mifupa niliishika upesi: mtulinga unaopita chini ya shingo, bawa la bega, fupanyonga, pia ya goti. Nyumbani nilikuwa nikitembea kutoka jikoni hadi dirishani nikijigusa, kila mfupa na jina lake.

Likaja somo la kumchezesha viungo mgonjwa asiyeweza kujigeuza. Aliyelala kitandani siku hiyo alikuwa mwenzangu wa Kongo, mama wa Bukavu, mcheshi, mwenye kazi ya kumtunza bibi mmoja mzee nyumbani kwa huyo bibi. Nikaanza upande wa kulia. Nikakunja, nikanyoosha, nikahamia kushoto. Mikono ilikwenda yenyewe, na mimi nilikuwa kama mtu anayeitazama kutoka mbali. Nilipomaliza nikamnyoosha vidole, nikamlaza mikono ubavuni, nikavuta shuka. Nikalivuta mpaka likamfunika uso.

Sauti ikatoka chini ya shuka.

"Mama, mi sijakufa bado."

Darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka.

"Umeshika vizuri kila kiungo," akasema. "Lakini hukumwambia unachofanya, wala hukumuuliza kama anaumia. Ingekuwa mtihani, ungekuwa umeanguka."

Wenzetu walipotoka, yule wa Kongo alibaki anavaa viatu.

"Juu ya nini ulinyamaza vile? Ulikuwa unanigusa sawa vile niko maiti."

Nikamwambia kwamba mtu wa mwisho niliyemshika viungo alikuwa maiti kweli, naye alikuwa mama yangu. Akaacha kamba za viatu.

"Pole, mama. Pole sana." Akatazama chini kidogo. "Bon. Kesho nitakulilia kila kiungo, mpaka uzoee batu bazima, si maiti."

Na kweli alilia. Akilala tu anaanza.

"Ayi, kidole yangu."

"Hata sijakugusa."

"Nakukumbusha mapema."

Nikajifunza kusema: sasa nakunja goti, sasa nainua mguu, ukiumia niambie. Maneno yalinitoka kwa shida. Nilisikia kama namsumbua mtu aliyepumzika. Niliogopa mtihani, na zaidi ya mtihani niliogopa kwamba mikono yangu haitarudi tena, kwamba kila mzee nitakayemshika Beltsville nitamshika kama nilivyomshika mama siku ile.

Jioni moja nikabaki kumuuliza mwalimu lile swali la bega. Akaenda kwenye kiunzi, akaushika mkono wa plastiki na kuuzungusha huku na huku.

"Ona. Kichwa cha mfupa ni mviringo, na kikombe kinachokipokea hakina kina. Kwa hiyo mkono unakwenda popote. Kinachoushikilia ni misuli na kano. Pakiuma, misuli inakaza ili mkono usifike penye maumivu. Mtu akishafariki misuli inalegea kwanza, ndipo ikakamae."

"Basi alikuwa hajifanyi."

"Miaka yote hiyo? Ili kumuudhi binti yake tu?" Akafikiri. "Mama yangu mimi angeweza. Wako sidhani."

Nilicheka, nikatoka, nikashuka treni kituo kimoja kabla. Jibu halikunituliza kama nilivyotarajia. Liliondoa jambo moja likaleta jingine: maumivu yalikuwa ya kweli jioni zote zile, na mikono iliyopita juu yake ilikuwa yangu.

Siku ya mtihani msimamizi alikuwa mwanamke tusiyemjua, aliyesimama miguuni pa kitanda. Mwenzangu wa Kongo akalala. Goti langu likaanza, nikaliegemeza kwenye chuma cha kitanda.

"Nitainua mkono wako wa kushoto," nikasema. "Ukiumia niambie, nitaacha."

Nikashika kisugudi kwa mkono mmoja na kifundo cha mkono kwa mwingine. Nikainua. Ulipofika usawa wa kifua nikahisi kitu chini ya vidole, kukaza kidogo, kama kitambaa kilichonasa kwenye msumari. Nikasita kabla hajafungua mdomo. Nikamtazama. Haukuwa uso wa mazoezini.

"Hapo," akasema, kwa sauti ndogo.

Nikaurudisha chini taratibu, nikamuuliza kama niendelee na kiungo kingine. Msimamizi akaandika.

Tulingoja kwenye ujia, mwenzangu amekaa, mimi natembea hadi kwenye bomba la maji na kurudi. Tuliitwa mmoja mmoja, na sote tulikuwa tumefaulu.

"Ulikuwa unaigiza?" nikamuuliza tukiwa njiani.

"Hapana. Bega hii inauma tangu mwaka iliyopita. Namubeba yule bibi kila siku, mama, na bibi ni muzito."

"Mbona hukusema siku za mazoezi?"

"Ungeniamini? Nililia mpaka kwa kidole."

Nikamchukua nyumbani kwangu. Akaingia na kukaa kwenye kile kiti, maana hakujua, na sikumwambia. Nikaiteremsha chupa kutoka kwenye rafu, nikajimiminia mafuta kiganjani, nikayapasha joto kwa viganja viwili kama nilivyozoea. Nikasimama nyuma yake nikaanza.

"Eeh, unasugua sawa vile unafua nguo."

"Ndiyo kazi yangu."

"Ilikuwa. Uliza kwanza."

Nikamuuliza ni wapi hasa. Akapeleka mkono wa kulia nyuma akagusa chini kidogo ya nilipokuwa, pembeni ya bawa la bega. Nikaweka kidole gumba pale, nikabonyeza polepole, nikingoja anikataze.