Kalista Aliombewa Kabla Yangu

Mimi nina wivu. Nasema mapema kwa sababu wanaoshuhudia kupona huanza na imani, na mimi imani ilinikuta nimenuna. Naitwa Mwalimu Sabina, nafundisha Kiswahili sekondari hapa Sumbawanga. Kabla ya kuugua nilikuwa mwanamke wa nguvu zangu. Jumamosi nilishinda shambani kwenye maharage, Jumapili nasahihisha insha. Darasani nilikuwa nawaambia wanafunzi, "Dini katika fasihi inaonyesha jinsi binadamu anavyohitaji tumaini. Andikeni." Waliandika. Mimi mwenyewe sikuwahi kulifikiria neno hilo, maana afya nilikuwa nayo.

Ugonjwa ulianza kwa kikohozi. Msimu wa baridi huku Ufipa nani hakohoi? Nikanywa tangawizi, nikaendelea na vipindi. Kikohozi kikagoma kuondoka. Nikawa nalowesha mashuka kwa jasho, na sketi zinanidondoka hadi nikazikaza kwa pini. Siku moja nikiwa ubaoni nilikohoa kwenye leso, nikaona damu. Mume wangu, Deo, akanipeleka hospitali. Makohozi yakapimwa.

"Ni kifua kikuu, Mwalimu," daktari akasema. "Kinatibika, ila umechelewa na umedhoofu sana. Tutakulaza kwanza."

Dawa zilinitesa. Mkojo ukawa rangi ya chungwa, tumbo likachafuka, kila nilichokula kilirudi kilikotoka. Nikikohoa, mbavu zinauma hadi machozi yanatoka. Ikafika mahali nikimwona muuguzi na vidonge vyake, nageukia ukutani. Deo akataka kumwita katekista aniombee. Nikamkatalia kwa sauti, wodi nzima isikie. "Mimi siombewi. Waombewe wanaoamini."

Kitanda cha pili alilala Mama Filo, mkulima kutoka Mollo. Ugonjwa wetu mmoja, dawa zetu zile zile, lakini mwenzangu alikula! Binti yake, Filomena, alikuja na uji wa ulezi kila mchana. Alipiga magoti, akampigia mama yake makofi ya taratibu, kama tunavyowaamkia wakubwa huku kwetu. Akimaliza ndipo ananigeukia mimi, "Shikamoo Mwalimu," na makofi yaliyobaki. Nilimwonea wivu Mama Filo kwa uji, nikamwonea wivu kwa makofi, na mashavu yake yalipoanza kujaa nilishindwa hata kumtazama.

Naye hakuwa na habari. Aliona nina kitabu chini ya mto, akaniomba nimsomee. Ilikuwa riwaya niliyokuwa nafundisha. Ndani yake yumo mjane, Kalista, ambaye mwanawe wa pekee alikwenda kuvua ziwani na hakurudi. Kila asubuhi Kalista anamwekea mwanawe chakula, kisha anasali akiwa ameelekea majini.

"Alirudi?" Mama Filo akauliza.

"Kitabu hakisemi."

"Masikini, Kalista. Hebu rudia pale anaposali."

Ikawa ndiyo kazi yangu ya kila mchana, kurudia pale Kalista anaposali, na kikohozi changu katikati. Darasani nilikuwa nauliza, "Kalista anawakilisha nini?" Sasa nilikuwa nimeshika kitabu mkononi na wivu umenikaba. Nilimwonea wivu mtu ambaye hajapata hata kuzaliwa. Yeye kila asubuhi alikuwa na mahali pa kutazama. Mimi nilikuwa na ukuta wenye rangi iliyobanduka.

Jumapili moja Filomena akaja moja kwa moja kutoka misani, uso umechangamka. "Mama, wamemsoma!"

"Wamemsoma nani?" nikauliza mimi.

"Kalista! Mama alinituma nimwandikishe kwenye nia za misa. Katekista kamtaja, kanisa zima tumemwombea. Bibi mmoja kaniuliza huyo mama anasali kigango gani, wampelekee maharage."

Nikaketi kwa ghafla hadi kikohozi kikanibana. "Kalista hayupo! Ametungwa!"

"Hayupo wapi," Mama Filo akasema, "na wewe unatusomea habari zake kila siku?"

"Na mimi je? Mimi niliye hapa, ninayetema damu mbele yenu, hamkunitaja?"

Sikujua nalia mpaka nilipoonja chumvi mdomoni. Mama Filo akasema bila ukali, "Mwalimu, wewe ulimwambia mumeo hapa hapa kwamba huombewi. Tulikusikia. Kalista hakukataa."

Nikageukia ukuta wangu. Safari hii haukunifaa kitu. Nikageuka tena. "Filo, mwambie katekista aniandike na mimi. Na aniandike juu ya jina la Kalista."

Mama Filo alicheka hadi akashika mbavu. "Haya, anza na uji. Usimwachie Mungu peke yake kazi."

Nikanywa. Mwingine ulirudi, mwingine ukabaki. Asubuhi yake muuguzi alipokuja nilimnyooshea kiganja mwenyewe. Sisemi sala iliua vijidudu, daktari angenicheka. Vidonge ndivyo vilivyoua. Lakini vidonge vinataka mtu anayetaka kuiona kesho, na mimi nilikuwa nimeacha kuitaka. Nikaruhusiwa, nikamalizia dozi nyumbani, na kipimo cha mwisho kikatoka safi. Mama Filo alipona kabla yangu, na ndiyo, hilo nalo liliniuma.

Wewe unayekohoa na kujipa moyo kwamba ni baridi tu, nenda ukapime. Uliyeanza dawa, usiache hata ukijisikia umepona. Na mtu akitaka kukuombea, mwache. Nawashukuru wauguzi walionivumilia, Deo, na Filo na uji wake.

Kanisani jina langu limeshatolewa kwenye nia, maana nimepona. La Kalista bado linasomwa, kwa kuwa hakuna aliyeleta habari kwamba mwanawe amerudi. Likitajwa, wivu unanishika pale pale kwenye benchi. Lakini kwenye kuitikia "twakuomba utusikie," natumia kifua changu chote.