Sanduku Lililong'olewa Ukutani kwa Germaine

Jumanne mchana, majirani wakiwa wamejaa uani, wakala wa umeme aitwaye Emery aliingia nyumbani kwa mjane Germaine, akapanda kiti cha jikoni na viatu vyake, akaling'oa ukutani sanduku dogo la bati lililokuwa likiilinda friji. Hakuuliza lilikuwa la kazi gani. Alilitumbukiza katika mfuko wa plastiki, kisha akavuka ua hadi nyumba ya pili, ya Bénédicte Chisanga aliyelitengeneza, akamkatia umeme kwenye nguzo.

"Mama, njo weye unatengenezaka bile bintu?" aliuliza aliposhuka.

"Njo miye. Ile sanduku ilikukosea nini?"

"Ni appareil non autorisé, haina ruhusa. Inaharibisha réseau, nyaya za mutaa muzima."

"Réseau ilikuwaka muzima siku gani?" sauti moja ikatupwa kutoka nyuma, na ua wote ukacheka.

Emery hakucheka. Aliandika karatasi iliyosema kwamba mama huyo amekutwa akichezea umeme wa watu, akamnyooshea kalamu atie sahihi. Bénédicte aliisoma mpaka mwisho bila haraka.

"Siwezi kusaini bongo, kitu yenye haiko kweli, mon fils. Andika ile uliona na macho: friji moja, sanduku moja, mama moja mugonjwa."

Kijana alikunja karatasi yake akaenda. Germaine alibaki amesimama mbele ya matundu mawili ya misumari ukutani, mkono wake juu ya mlango wa friji, kama mtu anayezuia kitu kisitoke.

Katika mlango huo zilikaa chupa zake za insulini. Germaine anaugua kisukari, na dawa hiyo ikipata joto la Oktoba la Lubumbashi huharibika. Mwezi wa tatu umeme ulipaa jioni moja, friji yake ya zamani ikaungua, dawa ikalala kwenye joto siku mbili, naye akabebwa hadi hospitali hajui jina lake. Wanawe, walio mbali, walimtumia friji nyingine, ndogo. Bénédicte, aliyemshika kichwa njia nzima, alirudi nyumbani na wazo moja: friji hii haitaungua.

Bénédicte ana miaka hamsini na minne, na mtaani kwao, Hewa Bora, wanamjua kwa sare za shule anazoshona. Babu yake alitoka kaskazini mwa Katanga kuja kufanya kazi ya reli. Baba yake alitengeneza simu za reli, na Jumapili baada ya misa alimketisha bintiye mezani, akamfundisha kulehemu waya bila kuunguza kidole. Baba alikufa, meza ilibaki, na chuma cha kulehemu kilibaki juu yake, kando ya cherehani. Redio na televisheni zilizokufa humfikia kutoka mitaa yote ya Kampemba, komuni yao, naye huzichambua taratibu, huku rezista, huku diodi, kama mtu anayechagua mchele. Hafanyi biashara na vitu hivyo. Ni furaha yake.

Alichora sakiti yake kwenye karatasi ya kukatia mitindo. Transfoma ndogo ya redio ingepima umeme wa ukutani. Ukipita volti mia mbili hamsini, swichi ya sumaku ingekata friji. Sanduku la kwanza lilimwaibisha. Umeme ulipokaribia kipimo, swichi ilikata, ikawasha, ikakata tena, ta-ta-ta-ta, kama meno ya mtu mwenye homa. Alikaa nalo siku tatu kabla ya kuelewa kwamba lilihitaji kuvuta pumzi. Akaongeza rezista moja ili kipimo cha kuwasha kiwe chini ya kile cha kukata, na kapasita ya kulichelewesha dakika tatu kabla ya kuirudishia friji umeme. Kelele ikaisha.

Lakini kila jioni, saa kumi na mbili kasorobo, sanduku la Germaine lilikata. Bénédicte aliishuku kazi yake mwenyewe kwanza, kama baba alivyomfundisha. Alibadilisha diodi ya kipimo. Aliyeyusha upya kila kiungo cha risasi. Likakata tena saa ileile. Ndipo akatengeneza mengine mawili yanayofanana nalo: moja akaliweka kwake, jingine kwenye depo ya Kakule, mfanyabiashara kutoka Butembo anayeleta unga kutoka Mokambo, mpakani na Zambia, na kuuza kwa jumla. Katika daftari la shule akaandika volti za mahali pote patatu, kila nusu saa, kwa wiki mbili.

Kakule alikuja kulalamika wiki ya kwanza.

"Mama Béné, sanduku yako iko na wivu! Taa zangu zikianza tu kuwaka muzuri, inanikatia. Courant imekuya mingi, weye unaninyima?"

"Taa yenye kuwaka vile inataka kufwa, Kakule."

"Kumbe courant nayo inashibaka?"

"Inashibaka mpaka inapasua nyumba."

Alicheka, akaenda. Bénédicte hakucheka, kwa sababu daftari lilikuwa limeshamwambia. Kwake yeye umeme ulipozama hadi mia moja thelathini, kwa Kakule na kwa Germaine ulipanda kupita mia mbili themanini, nusu saa ileile. Masanduku yalikuwa mazima. Ugonjwa ulikuwa nje.

Umeme huingia mtaani kwa nyaya tatu, unarudi kwa waya wa nne uitwao neutre. Huo wa nne usiposhika vizuri, zile tatu hunyang'anyana: palipo na majiko mengi ya umeme volti zinazama, palipo na vyombo vichache zinapaa. Na watu wa Hewa Bora, bila kujua, walikuwa wakiuchochea ugonjwa huo kwa dawa yao ya kila siku. Mtu akiona taa yake imefifia, humwita kijana apande nguzo amhamishie kwenye waya ambao kwa jirani unawasha taa sana. Wanaita kuhama fazi. Mwaka huu barabara nzima ilikuwa imehama hivyo hadi waya mmoja. Germaine, asiye na mume wala mwana wa kumpandia nguzo, alibaki na depo ya Kakule tu kwenye nyaya zilizoachwa, yeye na friji yake ndogo, akipokea nguvu zote zilizowakosa wengine.

Bénédicte alikwenda kwenye kabini ya umeme, chumba cha transfoma ya mtaa, nyuma ya soko, akachungulia kupitia wavu wa mlango. Mahali ambapo kebo nene ya shaba ya neutre ilipaswa kufungwa, shaba haikuwepo. Wezi walikuwa wameikata. Mtu fulani mwenye ufunguo alikuwa ameunga pengo kwa waya wa chuma, ule wa kufungia uzio. Kifungo chake kilikuwa cheusi. Kilinguruma chinichini, na hewa ilinuka mpira uliochomwa.

Siku hiyohiyo alipeleka daftari kwenye kituo cha umeme cha mtaa. Walilipokea. Mkuu wa kituo aliligeuza kurasa mbili, akauliza: "Mama, uko ingénieur?" Alipojibu kwamba anashona, alimwambia arudi kushona. Baada ya siku nne Emery alifika na mfuko wake wa plastiki. Ndivyo walivyotengeneza kabini.

Tangu Jumanne hiyo Bénédicte hawezi kuihifadhi insulini kwake, maana nyumba yake haina umeme. Kwa Kakule haiwezekani pia: jioni ya Jumatano, sanduku lake nalo likiwa limechukuliwa na Emery, friza yake ilitoa moshi mweupe, naye akaja mlangoni bila utani wowote, akasema tu: "Mama Béné, ulisema." Chungu chenye kitambaa kibichi walikijaribu, mchana kikashindwa na joto.

Kwa hiyo kila jioni, tangu saa kumi na moja na nusu, Bénédicte huketi kwenye kigoda jikoni kwa Germaine, kipima umeme mapajani, mkono wa kulia umeshika plagi ya friji. Anafanya kwa mwili wake kazi iliyofanywa na sanduku.

"Yaya, dada yangu, rudia kwako, utachoka," Germaine alimwambia jana.

"Na weye utajichoma dawa ya kuoza? Nyamaza, ninasoma."

Mia mbili thelathini na nane. Nje, majiko ya mtaa yalianza kuwashwa moja baada ya jingine. Mia mbili hamsini na tano, akachomoa. Balbu juu ya vichwa vyao ikawa nyeupe ya kuumiza macho. Mia mbili tisini. Wiki iliyopita umeme haukupita mia mbili themanini na tano. Germaine aliinyanyukia swichi ya taa, na kabla hajaifikia balbu ikapasuka, vigae vya kioo vikamwagikia meza. Kipima umeme kilisoma mia tatu na kumi na mbili. Waya ule wa chuma unaendelea kuliwa na moto wake mwenyewe; siku utakapokatika kabisa, hakuna mkono utakaowahi plagi zote za Hewa Bora, wala kuokoa vitanda vilivyo chini ya dari za mbao zitakazoshika moto.

Ninyi mlio na ufunguo wa kabini hiyo, mnajua mlichokiunga na mnajua kwa nini mliling'oa sanduku: lilikuwa linatoa ushahidi dhidi yenu. Mkuu wa kituo, daftari liko mezani kwako, kwa mwandiko unaosomeka. Usimtafutie tena mshonaji kosa. Mrudishie Bénédicte Chisanga umeme wake leo. Mrudishie Germaine ulinzi wake leo. Izime kabini, funga kebo mpya ya shaba, gawanya nyumba sawasawa kwenye nyaya tatu, na uifanye kazi hiyo kesho asubuhi, kabla Hewa Bora haijawasha majiko ya jioni.