Jina Lililotajwa Wodini

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ufagio na kufuli. Ufagio wa kufagilia chumba cha dawa, kufuli la kukifunga. Kilikuwa kituo cha afya huko Kilolo, na mimi nilikuwa na cheti cha darasa la saba tu, nimekikunja mara nne mfukoni. Nawaambia hivi ninyi mliopo vyuoni ili mjue kwamba anayeandika hapa hakuanzia juu. Alianzia chini ya meza, akiokota vidonge vilivyodondoka.

Na kweli niliviokota. Vitatu, vyeupe. Nikaviweka kwenye kopo lililokuwa wazi juu ya meza, maana ndani yake mlikuwa na vyeupe vinavyofanana navyo. Mkubwa wangu, Mtunza Dawa, mzee mfupi wa Kihehe aliyevaa koti la sufu hata jua likiwaka, aliniuliza nimejuaje kwamba vimetoka kopo lile. Nikamwambia vinafanana. Hakunifokea. Alilichukua kopo zima, akalimwaga kwenye ndoo ya taka za kuchomwa, mimi nikiangalia.

“Kijana,” akasema, “humu ndani kila dawa ya pili ni nyeupe. Kopo linasomwa mara tatu: unapolichukua, unapotoa dawa, unapolirudisha. Jicho lako silitaki. Nataka usome.”

Kwa mzee yule ndiko nilikojifunza kwamba dawa si kidonge tu. Dawa ni kidonge na mtu na alichokula mtu huyo. Wakati wa masika, ulanzi, ile pombe ya mianzi, ukitiririka, tulikuwa tunapokea wanaume waliotapika mpaka nyongo wakidai wamelogwa. Hawakulogwa. Walipewa metronidazole, vidonge vya amiba, wakapitia kilabuni njiani. Dawa ile na pombe havikai tumbo moja. Tangu hapo kila niliyempa dawa ile nilimuuliza kwanza kama anakunywa, na akisema hapana nilimwangalia macho.

Nilipanda haraka. Sijisifu, nasema kilichotokea. Kutoka mhudumu nikapelekwa kozi, nikatoka muuguzi wa daraja la chini, na daraja hilo la chini liliwashinda wengi wa juu. Nilipohamishiwa bonde la Usangu, kwenye zahanati ya wafugaji waliotoka kaskazini, nilikuwa napata mshipa wa mtoto aliyekauka maji wakati Tabibu mwenyewe ameshakata tamaa. Huko nilijifunza kuuliza, “Nyumbani mmempa nini?” maana baba mwenye ng'ombe mia ana bomba lake la sindano na dawa yake ya mifugo, na mwanawe akiwaka homa hangoji zahanati. Ukimchoma mtoto bila kuuliza, unaweza kuongeza dozi juu ya dozi. Nilikuwa nauliza. Kumbukeni hilo mnaposoma yanayofuata: nilikuwa najua kuuliza.

Kutoka Usangu nikapelekwa hospitali moja ya milimani, upande wa Rungwe, kwenye chai na migomba na mvua isiyoaga. Niliingia wodi ya watoto, chini ya Sista Mkuu, mwanamke wa Kinyakyusa mwenye mwendo wa polepole ambaye sikuwahi kumwona akikimbia ila mara moja. Siku niliyoripoti alininyooshea vidole vitano, mambo matano ya kuhakikisha kabla ya kutoa dawa. Mgonjwa ndiye. Dawa ndiyo. Kipimo ndicho. Njia ndiyo, ya mdomo au ya msuli au ya mshipa. Saa ndiyo. Akavikunja akaniuliza kidole gani ni cha kwanza. Nikasema mgonjwa.

“Basi nisikilize, maana wewe si wa huku,” akasema. “Kwetu mtoto wa kiume hupewa jina la babu yake. Na mke hatamki jina la baba mkwe wake, hata likiwa limekaa juu ya mwanawe mwenyewe. Ukimuuliza mama jina la mtoto akanyamaza, usimsukume. Tafuta mwanamke mwingine aliyefuatana naye, akutajie. Hana? Ngoja. Atakuja mtu.”

Nikasema sawa, Sista. Moyoni nikasema huyu ananifundisha mila wakati mimi nimefanya kazi kwa Wahehe, Wabena, Wasangu na Wasukuma. Kwetu pia tunaheshimu wakwe. Nikaliacha lipite.

Nilikaa wodi ile nikawa mtu. Matroni akipita na wanafunzi wa uuguzi alikuwa anawaleta kwangu waone namna ya kuyeyusha kristapeni, ile poda nyeupe ya penisilini: unaingiza maji ya sindano taratibu, unakizungusha kichupa viganjani mpaka kiwe angavu. Niliwaambia mimi sihitaji kikokotoo, hesabu ya uzito na kipimo iko kichwani. Nao walicheka na kuandika. Jina langu lilikuwa linatajwa kwa ajili ya usimamizi wa kabati la dawa, cheo ambacho hakijawahi kushikwa na mtu wa darasa la saba pale.

Ndipo asubuhi moja ya mvua akaja Tusekile. Alikuwa mama mdogo, hajafika miaka ishirini na mitano, mtoto mgongoni anapumua kwa haraka, mbavu zinaingia ndani. Nimonia, hata kipofu angesikia. Kadi ya kliniki hakuwa nayo. Alisema mama mkwe wake atakuja nayo, yuko nyuma anapika uji. Nikamuuliza jina la mtoto. Akainamisha kichwa.

Nikauliza mara ya pili. Akatazama mlangoni. Nyuma yake walikuwa wamejipanga watu saba, na mimi nilikuwa najulikana kwa kumaliza foleni.

“Mama, hapa si kanisani, hatungojei roho ishuke,” nikamwambia, na foleni ikacheka. “Mtoto hana jina?”

Akasema kwa sauti ndogo, “Andika Baraka.”

Nikaandika Baraka. Nikafungua faili jipya. Nilipokuwa navuta dawa akasema, “Daktari, ile sindano ya mwanzo, tulipokuja siku ile…” Nikamkatiza. Nikamwambia sindano zote zinauma, ashike mguu wa mtoto. Kuna swali ambalo huulizwa kabla ya penisilini, ninyi nyote mnalijua: kuna dawa iliyowahi kumkataa? Yeye alikuwa analijibu kabla sijaliuliza, na mimi nikamnyamazisha.

Hazikupita dakika tano. Midomo ilivimba kwanza, kisha mapele makubwa shingoni, kisha pumzi ikaanza kulia kama mlango. Ule ni mzio. Mwili unaipokea dawa kama adui. Nilijua ni nini. Nilijua na trei ya dharura iko wapi. Mikono yangu hii iliyosifiwa ikasimama. Sista Mkuu ndiye aliyekimbia. Alichoma adrenalini kwenye paja, akainua miguu ya mtoto, akaagiza oksijeni, na huku akiuliza, “Aliwahi kulazwa hapa? Faili lake liko wapi? Nani jina lake?”

Mtoto alikuwa amelegea. Tusekile akalitaja. “Ambokile!” akasema, kisha akamshika uso akamwita, “Ambokile! Ambokile!” Wodi nzima ilisikia. Mlangoni alikuwa amesimama mama mkwe wake na kikapu cha uji, na kadi ya kliniki mkononi. Naye alisikia jina la mumewe likitoka kinywani mwa mkamwana wake mara tatu.

Faili la Ambokile lilipatikana kabatini. Juu yake, kwa wino mwekundu na mwandiko wa Sista mwenyewe, iliandikwa: asipewe penisilini.

Mtoto alipona. Kufika jioni anakunywa uji ule ule. Mngeniambia nishukuru niishie hapo, lakini kulikuwa na taarifa ya kuandika. Mganga Mfawidhi aliitaka mezani kwake asubuhi. Nikaandika sentensi ambayo nimeikariri kuliko sala: “Mama alificha jina halisi la mtoto.” Sikuandika kwamba niliichekesha foleni juu yake. Sikuandika kwamba nilimkatiza. Mganga Mfawidhi akasoma, akasema wanawake hawa wanatupa shida, akaweka sahihi. Mwezi ule ule nikakabidhiwa funguo za kabati.

Sista Mkuu aliniita pembeni. “Umeandika kweli, lakini nusu,” akasema. “Na nusu ya kweli ni sawa na nusu ya dozi. Haiponyi, inauzoesha ugonjwa.”

Nikamuuliza anataka nifanye nini.

“Yule binti ametaja jina la mkwe wake hadharani. Mzee yule ni wa zamani. Atamrudisha kwao akatafute ng'ombe wa kuombea radhi, na kwao hakuna hata mkia. Nyumba yao haifiki nusu saa kwa miguu. Nenda ukamwambie mzee kwamba ni wewe uliyemfikisha pale. Wazee husikiliza wakiambiwa na aliyekosa.”

Nikasema nitakwenda Jumamosi. Jumamosi mvua ilinyesha. Jumamosi ya pili nilikuwa zamu. Ya tatu nikasikia ameshapelekwa kwao, Busokelo, na mtoto amebaki kwa bibi yake, nikajiambia maji yameshamwagika. Sista hakunikumbusha tena. Ila tangu siku ile, kila nilipotaka kuchoma sindano mbele yake, alikuwa anakuja kusimama karibu na kitanda, mpaka alipostaafu.

Mimi nimestaafu kwa hiari nikiwa na miaka hamsini na mitano, magoti yakikataa ngazi. Nina nyumba Uyole na duka la dawa ambalo mwanangu ndiye mtaalamu wake mwenye vyeti. Wanafunzi bado wanakuja kuniuliza habari za kazi. Nikiwahadithia nawaambia za mishipa niliyoipata. Lakini mtu akikaa bila foleni mbele yake, kuna sauti inarudi. Kwangu ilirudi sauti ya mama akiniambia, “Andika Baraka.” Alinipa neno jema kabisa alilokuwa nalo, na mimi nikalifanya shitaka lake.

Mwaka huu nilikwenda. Nilimkuta Tusekile huko Busokelo, kwenye shamba la chai la kaka yake, kikapu mgongoni. Aliponiona aliendelea kuchuma mpaka mwisho wa mstari, kisha akaja.

“Wewe ndiye daktari wa sindano,” akasema.

“Ndimi.”

“Umenenepa.”

Nikamweleza yote, pamoja na sentensi ya kwenye taarifa. Hakulia, wala hakunitukana. Akaniambia ng'ombe hakupatikana, mume akaoa mwingine, mzee akafa. Yeye na mtoto walikuwa wanaonana sokoni tu, na tangu utoto alifundishwa kwamba mama yake alilitaja jina la babu kwa dharau mbele za watu. Akimwamkia, anamwamkia kama mpita njia. Nikamwomba radhi, nikamuuliza nifanye nini.

“Mimi nilijua kosa si langu,” akasema. “Wewe ulijua. Asiyejua ni mmoja, na yuko Tukuyu anatengeneza pikipiki. Kamwambie yeye. Mwambie na kilichonifanya niseme.”

Safari hii sikungoja Jumamosi. Nilimkuta Ambokile amechutama kwenye mnyororo wa pikipiki, kijana mrefu, mabega mapana, kifua kizima. Alinipisha benchi, akaniita mzee, akadhani nimeleta chombo. Nilipoanza kusema alishika spana bila kuitumia. Nikamwambia habari za foleni, na kicheko, na swali nililolikatiza, na midomo yake ilivyovimba. Nikamwambia kwamba mama yake alipewa kuchagua kati ya mila na yeye, muda wa kuchagua haukufika pumzi moja, na aliyempeleka mahali pale ni mimi. Nikamwambia na habari za kuandika nusu.

Nilitegemea anifukuze. Vumbi la kazi lilikuwa usoni kwake, sikuweza kumsoma.

“Mzee,” akasema, “mama yangu hajawahi kuniita kwa jina langu. Hata sokoni. Husema ‘wewe, baba.’ Siku hiyo alilitaja kwa sauti?”

“Kwa sauti ya kusikika wodi nzima.”

“Akimtaja babu au akiniita mimi?”

“Alikuwa ameushika uso wako. Alikuwa anakuita wewe, urudi.”

“Mara ngapi?”

“Mara tatu.”

Akaiweka spana chini, akajifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akaniuliza magari ya Busokelo yanaondokea upande gani wa stendi.