Toa Mbuzi, Toa na Kamba

Naikumbuka Jumapili moja ya matoleo ya mavuno, hapa kwetu Lubarika, siku niliyompa Mungu mbuzi wangu asubuhi, nikamnyang'anya kabla jua halijafika utosini. Mwanangu, usicheke ninapokuita mwanangu. Mtoto wa kaka yangu mkubwa ni mtoto wangu, hata kama ndevu zako ziliota kabla ya zangu. Umenipigia simu kutoka Uvira kuniuliza mtu anajikabidhije kwa Mungu wakati kichwa chake hakinyamazi. Swali hilo ungempelekea mchungaji. Ila kwa kuwa umeniletea mimi, nitakujibu kwa kile kilichonipata, na pale nisipojua nitakuambia sijui.

Nilikuwa nimemaliza chuo na kurudi nyumbani na lisansi yangu, shahada ya kilimo. Nilikuwa nimeweka dosie ya kuomba kazi katika shirika moja la Uvira, nikawa nangoja jibu. Kungoja kwangu hakukuwa na utulivu. Nilifikiri nikila, nilifikiri nikilima, nilifikiri hata katikati ya Baba Yetu. Wakikawia, ndiyo kusema wamenikataa? Wakinikubali, Neema atakubali kuhamia mjini? Neema alikuwa binti wa kijiji cha Kiringye niliyemchumbia kwa maneno matupu, bila kufika kwa wazazi wake. Kila alipouliza nitakuja lini, nilimjibu: kazi ikipatikana. Mwishowe baba yake alichoka. Akatuma neno kwamba kijana aje kabla mvua za kupanda hazijaanza, la sivyo amwache binti apate mume mwingine.

Nami nilikuwa na mbuzi jike mmoja, kahawia, mguu wa mbele mweupe kama amekanyaga unga. Alikuwa na mimba. Kichwani mwangu mbuzi huyo alikuwa amekwisha kuzaa, watoto wake wamezaa, wajukuu wamebadilishwa kuwa ng'ombe, na ng'ombe wamekuwa mahari. Kichwani nilikuwa tajiri, mwanangu. Zizini kulikuwa na mbuzi mmoja mwenye kikohozi.

Jumapili hiyo mhubiri alisema wengi wetu tunamwita Yesu Bwana, kisha tunampa kiti cha mgeni, na funguo za nyumba zinabaki mfukoni mwetu. Neno hilo lilinichoma. Nilitoka kanisani, nikaenda nyumbani karibu kukimbia, nikamfungua mbuzi, nikamleta mpaka mbele ya madhabahu. Nikaomba kwa machozi: Bwana, mimi na kesho yangu tu wako. Akina mama wakapiga vigelegele. Nilijisikia mwepesi kama gunia lililomwagwa.

Desturi yetu unaijua. Baada ya ibada, vitu vilivyotolewa, kuku, mihogo, ndizi, mpunga, vinauzwa kwa mnada pale nje ili kanisa lipate fedha. Muuzaji alikuwa shangazi yangu Nabintu, dada ya babu yako, ambaye akiita bei hapa, anayepita barabarani anageuka. Alipomtoa mbuzi wangu, mzee mmoja wa Nyakabere alimpapasa tumbo, akatabasamu, akataja bei. Mbuzi akalia. Nadhani alilia kwa sababu ya jua, lakini mimi nilisikia jina langu.

Hapo kichwa kikaanza. Kanisa linahitaji fedha, mbuzi wa nini? Nikimnunua mwenyewe, kanisa litapata fedha zake, nami nitapata mbuzi wangu. Mungu hapotezi kitu. Kuna dhambi gani hapo? Mwanangu, mpaka leo sijaona kosa katika hesabu ile, na hilo ndilo linalonitisha.

Nikainua mkono.

"Weye?" shangazi akashangaa. "Si njo weye umeileta?"

"Ndiyo, shangazi. Naongeza."

Watu wakacheka. Mzee wa Nyakabere akaongeza, nami nikaongeza, naye tena, nami tena, hadi akanitazama usoni. "Kijana, iko unashindana na nani?" akasema, akarudi nyuma. Nikalipa kwa fedha nilizokuwa nimeziweka za kitenge cha mama yake Neema, maana ukweni mtu haendi mikono mitupu. Wengine walinipigia makofi, wakidhani nimetoa mara mbili. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Mimi niliyashika mawili, yakanishika yote mawili: mbuzi alirudi, lakini njia ya Kiringye nikaifunga kwa mkono wangu.

Alasiri shangazi alikuja, akageuza beseni, akakaa juu yake. Mimi nilikuwa nampa mbuzi majani.

"Lisansie wetu," akaniita, kwa lile jina lake la kunitania. "Iko inakula muzuri?"

"Anakula, shangazi."

"Iko ya nani?"

"Yangu. Nimelipa."

"Na asubui ilikuwa ya nani?"

Nikamwongezea mbuzi majani. Akaendelea polepole: "Minye nimeuzisha kuku, nimeuzisha mihogo. Sijapata kuuzishia muntu kesho yake mwenyewe. Tena bei uliipandisha weye."

Aibu ilinipanda, na aibu ilipopanda nikaanza kubisha, kama tunavyofanya sisi tuliosoma na wasiosoma pia. "Shangazi, Mungu alitupatia akili ya nini? Nikiachilia mbuzi, na kazi sijapata, nitafika kwa Papa Neema na nini? Mungu atashuka kunilipia mahari?"

Nilidhani atanigombeza. Badala yake alichuna nyasi iliyoshika kwenye kitenge chake.

"Sijue," akasema. "Vile atafanya, minye sijue. Siku mume wangu alikufa, batoto walikuwa wadogo, na ndani ya nyumba hamukuwa hata unga. Nilisema, Bwana, hawa ni wako, kichwa yangu imechoka. Kesho yake nilishika jembe, nikaenda kulima, sawa siku zote. Kulima sikuacha. Niliacha tu kuwa Mungu wa batoto yangu."

Akasimama, akajipangusa. Akili, alisema, ni ya kulimia. Hatukupewa ili tukalie kiti cha Mwenyewe.

Ningependa kukuambia kwamba nilielewa papo hapo. Sikuelewa. Asubuhi nilimpeleka mbuzi nikiwa bado nabishana na nafsi yangu: je, huku ni kutii au ni kumwogopa shangazi? Je, Mungu ananitaka mimi, au mimi najitafutia kujiona mtakatifu? Nilifika uani kwa shangazi, nikamkabidhi mbuzi apelekwe kwa yule mzee wa Nyakabere na fedha zake ziingie kanisani, nikageuka niondoke.

"Weye!" akaita. "Na kamba?"

Nikautazama mkono wangu. Kamba ilikuwa imezungushwa kiganjani, nimeikunja vizuri kama mtu anayejua ataitumia tena. Sikukumbuka nimeifungua saa ngapi shingoni mwa mbuzi.

"Ni kamba tu, shangazi."

"Njo hiyo ingekurudisha hapa kesho."

Nikampa. Mwanangu, mbuzi alitoka mkononi mwangu bila shida, lakini ile kamba niliiachia kidole kimoja kimoja. Kwa nini, sijui mpaka leo.

Wiki hiyo tulikwenda Kiringye kwa miguu, mimi na shangazi, mikono mitupu. Papa Neema alitutazama mikono kwanza, kisha nyuso. Nilikuwa nimetunga maneno mengi njiani, na yote yalinikimbia. Nikasema: "Papa, kazi bado sina. Mbuzi nilikuwa naye, sasa sina. Uliniita, nami nimekawia. Nimekuja."

Aliyejibu ni Neema, akiwa amesimama mlangoni na mwiko wa ugali mkononi. "Muntu, ningemungoja," alisema. "Hesabu ndiyo sikuweza kuingoja." Mama yake akamkemea arudi jikoni. Papa Neema akakohoa, nadhani alikuwa anaficha kicheko, akasema ana kipande cha shamba la mpunga karibu na mfereji. Nilime hapo msimu huo, anione. Nikakubali, nisijue kama nimepokelewa au nimepewa mtihani. Nililima nisijue, nikapalilia nisijue. Leo Neema ndiye anayeniita nikale, na ugali unapoa kwa sababu yako.

Usije ukadhani nimepona. Jibu la Uvira halijafika, na simu ikilia bado moyo unaruka. Mbuzi yule alizaa mapacha kule Nyakabere. Nilipowaona njiani niliwahesabu, wao na wajukuu wao, kabla sijajizuia.

Basi, hii ndiyo nasaha yangu, nayo ni ya mtu aliye bado njiani. Weka dosie zako, mwanangu, hata mahali kumi. Lima, soma, uliza, panga. Uvivu usiuite imani. Lakini ukishasema "Bwana, kesho ni yako," usiende mnadani kuinunua, hata kama hesabu zako ni safi. Usingoje kichwa kinyamaze ndipo umwamini. Changu kilipiga kelele njia nzima ya Kiringye, na miguu ilifika. Wala usimcheleweshe mtu anayekungoja kwa kisingizio kwamba unamngoja Mungu. Kutoa ni moyo, na moyo ukishatoa, uutazame na mkono. Mara nyingi mkono ndio wa mwisho kusikia habari.

Mungu aliyembeba shangazi Nabintu na watoto wake, akubebe nawe katika miaka hii usiyoijua. Akupe kazi ya mikono na usingizi wa mtoto. Akusamehe kila utakaporudi kumdai, maana utarudi, kama mimi. Na siku akichukua ulichompa, akukute umempa na kamba.